Sungura wa Meno Marefu, Safari ya Gairo hadi Morogoro

Kuku hupanda basi la Morogoro kila siku na hakuna anayewauliza waendako. Sungura ndani ya tenga alizua gumzo tangu stendi ya Gairo.

"Huyo wa mchuzi au wa zawadi?" konda aliuliza.

"Mgonjwa. Tunampeleka hospitali, ana tatizo la meno."

Basi zima likaangua kicheko. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akapiga hesabu kwa sauti: "Nauli ya kwenda na kurudi, si mnapata sungura wengine, mwanangu?" Kisha akamwona mpwa wangu aliyelikumbatia tenga, akanyamaza.

Pamba, sungura wa mtoto huyo, alikuwa amekonda. Meno yake ya chini yalichomoza nje ya mdomo, ya juu yakajikunja kuelekea ndani. Ukimpa jani la mchicha alilinusa, akaligeuzageuza mdomoni, likamdondoka. Manyoya ya kidevu yalilowa mate yakashikana. Jirani alijitolea kuyakata meno kwa koleo, lakini bwana mifugo alikataa katakata: jino la sungura hupasuka kwa urefu, ufa ukafika kwenye mzizi, na usaha ukajaa tayani. Akatuagiza tusafiri alfajiri, kwa kuwa sungura hastahimili joto, wala tusimnyime chakula. Sungura hatapiki, na akikaa bila kula, utumbo wake huacha kufanya kazi. Kwa hiyo njia nzima mpwa wangu alimlisha majani yaliyokatwakatwa, kidogo kidogo.

Tuliteremka kutoka kwenye baridi ya Gairo, tukapita Dumila, kisha mashamba ya mpunga ya Dakawa. Ni katika barabara hii Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984. Mwaka huohuo chuo tulichokuwa tukikiendea kilianzishwa kwa jina lake. Katika stendi ya Msamvu tukachukua bajaji hadi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya milima ya Uluguru.

Hospitali ya wanyama ya chuo hicho ilikuwa na mbwa kwenye foleni, kwa hiyo tenga tukalifunika kwa kanga. Daktari, dada mpole, alimpima Pamba uzito, akamulika hadi kwenye magego. Hayo yakiota ncha kali hukata ulimi na mashavu, na kuyasaga kunahitaji dawa ya usingizi. Ya Pamba yalikuwa salama. Daktari akamwonyesha mpwa wangu meno mawili madogo yaliyojificha nyuma ya yale ya juu. Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka milimita 2 hadi 3 kwa wiki.

Akamviringisha kwenye taulo, kichwa tu kikabaki nje. Akapitisha kijiti nyuma ya meno kulinda ulimi, kisha akayakata kwa kisahani kinachozunguka kwa kasi. Vumbi jeupe likaangukia taulo. Pamba hakuhitaji ganzi, maana ncha ya jino haina mishipa ya fahamu.

"Mnamlisha nini?" daktari akauliza.

"Pumba," mtoto akajibu.

"Nyasi, mwanangu. Nyasi ndizo zinazosaga meno yake, mimi nimepunguza tu yaliyozidi. Pumba iwe kidogo sana."

Alitueleza pia kwamba taya likiwa limepinda, ukataji hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6; ikishindikana, meno ya mbele hung'olewa, na sungura huendelea kuishi vizuri kwa chakula kilichokatwakatwa.

Shamba letu la mahindi limezungukwa na ukoka ambao kila msimu tulilipa vibarua waung'oe. Sasa mpwa wangu anaufyeka mwenyewe kila asubuhi, na pumba wanakula kuku.