Amplifaya Yangu Kuukuu

Mimi ni mpiga gitaa. Amplifaya yangu ni ya zamani. Ndani mna valvu, yaani vichupa vya kioo vinavyowaka kama taa. Fundi alibadilisha kapasita zilizokauka, na sasa inalia vizuri.

Je, inaweza kushindana na ya kisasa ya transista? Kwa gitaa, ndiyo. Ukiongeza sauti mpaka mwisho, mkwaruzo wake ni mtamu. Lakini ni nzito kama jiwe la kusagia, tena inakula umeme mwingi. Penye umeme wa jua nachukua ya kisasa.

Nawe ukiwa nayo, usiifungue ovyo. Ndani mna volti 300 na zaidi. Hata ukichomoa waya, umeme hubaki kwenye kapasita. Mimi nilidhani umekwisha. Mkono ulikufa ganzi mpaka jioni.