Bure na Huru

Katika miaka yangu ya kusomesha, wanafunzi waliotafsiri kutoka Kiingereza walichanganya "bure" na "huru", kwa kuwa lugha ile hutumia neno moja kwa yote mawili. Kisa cha mchezo wa kompyuta uitwao Warzone 2100 chaonyesha umbali uliopo baina yake.

Mchezo huo ulitolewa na kampuni ya Eidos mwaka 1999. Kampuni ilipoacha kuushughulikia, wapenzi wake hawakuuacha. Hawakuomba kuucheza bila malipo tu. Waliomba msimbo wenyewe, yaani maandishi yanayouendesha, wapate kuurekebisha na kuwagawia wengine. Tarehe 6 Desemba 2004 wakakubaliwa. Video na muziki havikuwamo katika ruhusa hiyo. Navyo vikafunguliwa mwaka 2008. Hadi leo mchezo u hai, wapenzi wake wakiuendeleza.

Cha bure chaweza kufia mkononi mwa mpokeaji. Lugha yetu yalijua hilo, ndiyo maana "bure" ni pia kazi isiyo na faida. Kilicho huru hupata walezi.

Washairi wenzangu, ni diwani ngapi zimetoweka madukani, wenye haki hawazichapi wala hakuna aliyewaomba? Tusingoje ziliwe na mchwa. Tuwaandikie wachapishaji na warithi, kwa adabu, tukitaja kitabu kwa jina. Na kabla ya kutia saini, tupime neno: twaomba kitabu cha bure, au kitabu huru?