Kimya cha Mwalimu

Ulimwengu una desturi ya kuutazama mkono uliobeba kombe na kuusahau mkono ulioshika filimbi. Mchezaji akishinda, jina lake huandikwa, picha yake hupigwa na wimbo wa taifa lake huimbwa. Mwalimu wake husimama pembeni, na aghalabu hata pichani hayumo. Watu wengi hudhani kwamba hilo ndilo jambo gumu katika kazi ya kufundisha wachezaji hodari, yaani kutenda bila kusifiwa. Hasha! Kukosa sifa ni uchungu mdogo, na mtu huuzoea kama mkulima alivyozoea jua la mgongoni. Ugumu wenyewe umo katika jambo jingine. Mwalimu huyu hufanya kazi ili asihitajiwe, na siku anapoitimiza kazi yake vyema kabisa ndiyo siku anayoachwa.

Jambo hili alilijua kwa kichwa, kabla hajalijua kwa moyo, mwalimu mmoja wa hisabati katika shule ya sekondari ya Mkwajuni, makao makuu ya Wilaya ya Songwe. Mji huo, uliopewa jina la mti wa ukwaju, ni mji wa vumbi na dhahabu. Wachimbaji wadogo hushuka mashimoni na nyundo na tochi. Karasha za kusaga mawe huunguruma mchana kutwa. Na mtoto wa huko huijua gramu ya dhahabu mapema kuliko gramu ya maabara. Jioni, vipindi vikiisha, mwalimu huyo alikunja suruali, akatwaa filimbi, akachora mistari ya majivu uwanjani, akaanza kazi yake ya pili ambayo haikuwa na mshahara. Alifundisha riadha. Lakini mchezo aliopenda kusoma habari zake ulikuwa tenisi, ingawa karibu naye hapakuwa na uwanja wala raketi. Alisema kwamba katika tenisi mwalimu huonekana jinsi alivyo hasa, maana amevuliwa kila kitu isipokuwa kimya chake.

Maneno hayo yana ukweli. Katika tenisi ya kulipwa kocha huajiriwa na mwanafunzi wake mwenyewe. Kijana wa miaka ishirini humlipa mshahara mtu wa miaka hamsini, humkatia sehemu ya zawadi, na akichoka naye humwachisha kazi. Kwa seremala, fundi ndiye amfukuzaye mwanagenzi. Hapa mwanagenzi humfukuza fundi. Tena kwa miaka mingi sheria ilimkataza kocha kusema na mchezaji wake pambano likiendelea. Alimfundisha miezi na miaka, akasafiri naye mabara yote, na saa ya haja ilipofika akaketi jukwaani kama mtazamaji aliyekata tiketi. Ishara moja ya mkono iliweza kumletea mchezaji onyo la mwamuzi. Mashindano ya timu, kama Kombe la Davis, ndiyo yaliyompa nahodha kiti kando ya uwanja. Katika kiti hicho Harry Hopman wa Australia aliiongoza nchi yake kutwaa kombe hilo mara 16, kati ya mwaka 1939 na 1967. Kwa wengine amri ilikuwa kunyamaza. Baadhi ya mashindano yalilegeza kamba kidogo kidogo. Julai 2022 chama cha wachezaji wa kiume kilianza kujaribu kuruhusu maneno kutoka jukwaani. Na tangu Januari 1, 2025 sheria za Shirikisho la Tenisi la Kimataifa zimeyaruhusu. Lakini walimu waliolelewa katika sheria ya zamani walijifunza jambo ambalo sheria mpya haitalifuta. Neno lisilokwisha kuingia ndani ya mchezaji kabla ya pambano haliwezi kumsaidia sana likirushwa kutoka jukwaani.

Miongoni mwa walimu hao alikuwamo Bob Brett, Mwaustralia aliyejifunza ukocha kwa Hopman. Brett alimfundisha Boris Becker wa Ujerumani, na chini yake Becker alitwaa Wimbledon na mashindano ya wazi ya Marekani katika mwaka mmoja, 1989. Januari 1991 Becker alishinda mashindano ya wazi ya Australia, akawa mchezaji wa kwanza duniani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Yamkini mtu angetazamia kwamba mwalimu na mwanafunzi wangeketi pamoja kileleni wakapumzika. Haikuwa hivyo, muda mfupi baadaye waliachana. Brett akamchukua Goran Ivanišević wa Kroatia, akamfikisha fainali ya Wimbledon mwaka 1992 na 1994, nao wakaachana pia. Ivanišević alikuja kulitwaa kombe hilo mwaka 2001, Brett akiwa si mwalimu wake tena.

Kisha likatokea jambo ambalo mtunzi wa hadithi angeogopa kulitunga, asije akaambiwa ametia chumvi. Mwaka 2004 kijana mwingine wa Kroatia, Marin Čilić, alianza kufundishwa na Brett huko San Remo, Italia. Brett alimlea kimchezo kwa muda wa miaka tisa hivi, tangu utoto hadi utu uzima, mpaka mwaka 2013 walipoachana. Kocha aliyefuata alikuwa Ivanišević, yule yule mwanafunzi wa zamani wa Brett. Mwaka 2014 Čilić alitwaa mashindano ya wazi ya Marekani, na mtu aliyekumbatiwa kwa furaha alikuwa Ivanišević. Je, kombe lile lilikuwa la nani? La mwalimu wa miaka tisa, au la mwalimu wa mwaka mmoja? Mwenye kuuliza swali hili hajaielewa kazi. Mkono wa Brett ulikuwamo mara mbili: katika aliyecheza na katika aliyefundisha. Brett alifariki dunia Januari 2021. Hakuna kombe lenye jina lake katika habari hii, lakini ukiling'oa jina lake, habari yote huanguka.

Afrika ya Mashariki nayo ina mfano wake. Mwaka 1976 Colm O'Connell, Bradha wa shirika la Patrician kutoka Ireland, alifika Iten, Kenya, kufundisha jiografia katika shule ya St. Patrick's. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa amesomea riadha. Alianza kwa kumsaidia mwalimu mwenziwe, na mwenziwe alipoondoka akabaki na filimbi mkononi. Kwa kuwa hakuwa na elimu ya kujivunia, alijifunza kwa kutazama: jinsi mguu unavyotua, jinsi bega linavyokaza mtu anapochoka, jinsi kijana anavyonyamaza anapokuwa na jambo. Katika shule hiyo alipita Peter Rono, aliyepata dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Baadaye akaja David Rudisha, ambaye Agosti 9, 2012 mjini London alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, muda ambao hakuna binadamu aliyeufikia kabla yake. Kwa mazoea mwalimu huyo hakuwaandama wanariadha wake katika viwanja vikubwa vya ng'ambo. Kazi yake ilikuwa Iten, katika njia za udongo mwekundu, na alipokwisha kuifanya aliwaacha waende. Alikuwa ametia maneno ndani mapema. Hakuwa na haja ya kuyafuata London.

Habari hizi zote mwalimu wa Mkwajuni alizijua, na alizisimulia kwa ufasaha katika chumba cha walimu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kujulikana na kile unachokijua ni kitu kingine.

Alikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, binti wa mchimbaji, mwenye miguu mirefu na maneno machache. Msichana huyo alikimbia mita 1500 kana kwamba ardhi ilikuwa na deni lake. Mwalimu alimfundisha kwa muda wa mwaka na nusu. Kila jioni alisimama penye mstari wa majivu akampigia hesabu kwa sauti: "Punguza! Sasa! Kaza!" Msichana alipunguza, akaanza, akakaza. Waliomtazama walisema kwamba mwalimu na mwanafunzi walikuwa kama mkono na kivuli chake.

Katika mwaka huo ilifika barua. Shule moja ya mkoa mwingine, yenye uwanja mzuri na walimu waliosomea riadha, ilikuwa tayari kumpokea msichana huyo. Mwalimu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia katika mtoto wa meza, chini ya daftari la mahudhurio. Alijiambia kwamba binti bado mdogo. Kwamba mwaka mmoja zaidi ungemkomaza. Kwamba mabadiliko ya ghafla huharibu mwendo. Sababu hizo zote zilikuwa nzuri, na hapana hata moja iliyokuwa ya kweli. Kweli ilikuwa kwamba michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, ilikuwa inakaribia, naye alitaka kwenda nayo mkoani akiwa na mshindi wake. Barua ilikaa humo muhula mzima.

Michezo hiyo hupanda kama ngazi, kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa na hatimaye taifa. Msichana alishinda katika kata, akashinda katika wilaya. Siku ya mashindano ya mkoa walimu waliwekwa nyuma ya kamba, mbali na njia ya wakimbiaji, na kelele za mashabiki zilifunika kila sauti. Msichana alianza vizuri. Mizunguko miwili aliongoza. Katika mzunguko wa tatu, pale ambapo kila jioni aliisikia sauti ikimwambia "Sasa!", hakuisikia. Akageuza kichwa. Akatafuta katika umati. Ilikuwa nukta mbili tu, labda tatu. Lakini hatua zake zilikatika, na wasichana wawili wakampita. Akamaliza wa tatu.

Mwalimu alikuwa nyuma ya kamba akipiga kelele ambazo hazikumfikia mtu. Pale ndipo alipoona alichokuwa amekifanya. Kwa mwaka na nusu alimfundisha msichana kumsikiliza mwalimu, wala hakumfundisha kujisikiliza mwenyewe. Alikuwa amemjengea nyumba nzuri, na ufunguo akabaki nao mfukoni. Barua iliyofichwa mezani na sauti iliyozoeleka uwanjani lilikuwa kosa moja lenye sura mbili. Msichana alipomjia, hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Shikamoo, mwalimu. Leo sikukusikia."

Waliporudi Mkwajuni, mwalimu alikwenda nyumbani kwa mzee wa msichana jioni, baada ya watu kutoka mashimoni. Akaitoa barua, akaieleza, akasema ilikuwa imekaa kwake muda gani na kwa sababu gani. Hakujitetea. Mzee aliishika kwa vidole vyenye vumbi la mawe, akaitazama tarehe kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Muhula haurudi, mwalimu. Lakini mtoto yupo." Hakuongeza neno. Katika maneno hayo mlikuwamo lawama na msamaha, na hakuna awezaye kusema kipi kilizidi.

Nafasi, kwa bahati, ilikuwa bado ipo. Msichana aliondoka Januari kwa basi la asubuhi. Mwalimu wake mpya alimbadilishia mwendo wa mikono na namna ya kuvuta pumzi. Baada ya mwaka mmoja habari zake zilianza kufika Mkwajuni, kwanza kwa simu, kisha kwa midomo ya watu, na katika habari hizo jina la mwalimu wa hisabati halikutajwa. Hapana haja ya kudai kwamba hakuumia. Binadamu aliyepanda mti hutamani kuketi kivulini mwake japo mara moja.

Jumatatu iliyofuata siku ya kuondoka kwa basi, walimu wenzake walidhani angepumzika. Walimwona akikunja suruali na kuchukua majivu. Watoto kumi na wawili walimngoja, wengine pekupeku. Akawaambia kwamba siku hiyo hapangekuwa na sauti. Kila mmoja ahesabu mizunguko yake, achague mwenyewe mahali pa kukaza, na akimaliza aje kueleza kwa nini alipachagua. Wakacheka, wakadhani ni mchezo. Akapuliza filimbi mara moja. Walipokimbia alifungua kinywa mara mbili, kama mtu aliyetaka kuita, na mara mbili akakifumba. Karasha ziliendelea kuunguruma ng'ambo ya mji. Watoto walizunguka mstari wa majivu, kila mmoja na hesabu yake, na mwalimu akasimama katikati ya uwanja, mikono nyuma, akijifunza kunyamaza.