Kutoka Petroli hadi Betri: Kumbukumbu za Fundi wa Kongowea

Ufundi wa pikipiki niliujua kwa sikio kabla ya kuujua kwa mkono. Mzee aliyenifundisha kazi, nyuma ya soko la Kongowea, alikuwa akichukua bisibisi ndefu, ncha anaigandamiza kwenye injini inayounguruma, mpini anauweka sikioni, kisha ananiita: "Njoo usikilize, mwanangu." Hiyo inayogonga kwa juu ni vali, imelegea. Huo mkwaruzo wa pembeni ni cheni ya taiming. Ukisikia inagonga chini, kwa kishindo kizito, hiyo ni beringi ya kranki, na mwenye pikipiki aanze kutafuta pesa. Miaka mingi nimelisha watoto kwa masikio hayo.

Wakati ule pikipiki hazikuwa nyingi Mombasa. Walikuwa nazo polisi, watu wa misheni, maafisa wa kilimo na vijana wachache wa kwao kwenye uwezo. Abiria walikuwa wa matatu na tuktuk, hasa zile Piaggio za dizeli zenye silinda moja, ambazo ukizipanda kutoka Kongowea hadi mjini unashuka mwili mzima ukitetemeka. Kisha ukaja mwaka 2008. Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya 250cc, na bei ikashuka hadi mtu wa kawaida akaweza kuifikiria. Zikaingia Boxer na TVS kutoka India, pamoja na za Kichina zenye majina ambayo leo hakuna ayakumbukaye. Kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa maji akawa na steji yake. Bombolulu, Mishomoroni, Kisauni, Likoni, kila njia panda ikapata safu ya pikipiki na mti wa kukaa chini yake.

Sisi mafundi tulineemeka. Injini ya Boxer ni silinda moja, inapozwa kwa upepo, na kijana mwenye akili anaweza kujifunza kuifungua na kuifunga katika miezi michache. Spea zilijaa madukani. Palizuka riziki za kila aina pembeni yetu: wa pancha, wa kuchomelea, wa kushona viti, mama anayeuza oili ya kupima nusu lita. Hata oili chafu ilikuwa na mnunuzi. Watu wa mashamba walikuja na madumu kuichukua wakapake nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Ile isiyochukuliwa tuliimwaga palepale, na udongo wa karakana yangu hadi leo ni mweusi kiasi kwamba mvua ikinyesha maji yanatoka na rangi za upinde. Nalisema hili kwa sababu watu husifu zama za petroli kana kwamba zilikuwa safi. Hazikuwa. Jioni kichwa kilikuwa kinaniuma kwa moshi, na mikono ilinuka mafuta hata mbele ya sahani ya wali.

Kilichowachosha waendeshaji hakikuwa moshi. Ilikuwa bei. Tangu mwisho wa 2010 bei ya juu kabisa ya mafuta hupangwa na serikali kila mwezi, inatangazwa tarehe 14 na kuanza usiku huo huo siku ikigeuka. Ukipita kituo cha mafuta jioni ya tarehe 14, utaona foleni ya bodaboda ikienda mpaka barabarani, kila mmoja anataka kujaza tangi kabla ya saa sita ya usiku. Mwezi Oktoba 2023 lita ya petroli ilifika shilingi 217.36 Nairobi. Sisi wa Mombasa tulipunguziwa shilingi chache tu, ilhali meli za mafuta zinashusha hapa hapa kwetu Kipevu, tunaziona. Mwenye Boxer aliyeshinda kazini alichoma lita mbili hadi tatu kwa siku. Akitoa hiyo, akatoa malipo ya mkopo wa pikipiki, akatoa oili, cheni na plagi, alirudi nyumbani na pesa ya unga. Kuna vijana walioanza kuniomba niwafanyie kazi kwa deni, na nilijua hawatalipa, si kwa ubaya.

Habari za pikipiki za umeme tulizisikia kwanza kama za mbali. Kigali kulikuwa na kampuni ya Ampersand tangu 2019, Nairobi kulikuwa na Roam, iliyoanza kwa jina la Opibus. Kisha tarehe 1 Septemba 2023 Rais William Ruto akaja Mombasa kuzindua mpango wa kitaifa wa usafiri wa umeme. Wiki moja tu kabla ya hapo, usiku wa tarehe 25 Agosti, karibu nchi nzima ilikuwa imezimika umeme kwa saa nyingi. Mnaweza kufikiri mazungumzo yaliyokuwa pale stejini. "Tutatembelea umeme upi?" Mzee mmoja wa tuktuk aliapa kwamba hatamkabidhi mwanawe chombo kinachotegemea waya wa nguzoni.

Swali hilo lilikuwa na haki. Ila kuna mambo mawili ambayo steji ilikuja kuyajua polepole. La kwanza, umeme wa Kenya, karibu asilimia 90, unatokana na mvuke wa ardhini Olkaria, maji ya mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana na jua. Hausubiri meli Kipevu. La pili, mwaka huo huo wa 2023 mamlaka ya nishati iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, na saa za usiku bei hiyo ni nusu ya ile ya saa nyingine. Tena mwendeshaji hapangi foleni kungoja chaji. Anafika kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, anaondoka kwa dakika chache. Wale wanaoniambia ukweli wanasema betri za siku nzima zinawagharimu chini ya walichokuwa wakitia kwenye tangi.

Pikipiki ya umeme ya kwanza kufika kwangu ililetwa na kijana wa Kisauni akiisukuma. "Fundi," akaniambia, "hii haina klachi wala gia, sasa nami sijui nikueleze nini imeharibika." Nikaipandisha stendi. Ukivuta mkono inatetemeka, inasita, inashtuka na kwenda kidogo, kisha inasita tena. Kwa mazoea nilitega sikio. Hakuna cha kusikia. Nikaanza kufuata nyaya. Kutoka kwenye kontrola zinatoka tatu nene, za njano, kijani na buluu. Hizo ndizo zinazopeleka nguvu kwenye mota, ambayo imefungwa ndani ya gurudumu la nyuma. Kando ya hizo kuna tano nyembamba: nyekundu na nyeusi za kupeleka umeme mdogo, na tatu za rangi zile zile za wenzao wanene. Tatu hizo zinatoka kwa vitambuzi vidogo vilivyo ndani ya mota, ambavyo kazi yake ni kuiarifu kontrola gurudumu limefika wapi ili ijue umeme uende waya upi. Kimoja kikinyamaza, kontrola inabahatisha, na pikipiki inatetemeka vile.

Kijana anayetengeneza simu, kibanda cha tatu kutoka kwangu, ndiye aliyenionyesha kutumia mita vizuri. Tulizungusha gurudumu kwa mkono, polepole, tukitazama namba. Waya wa njano unapanda na kushuka. Wa kijani vivyo hivyo. Wa buluu haujibu. Tukafungua soketi yake, tukakuta pini imeota kutu ya kijani, ile ya shaba iliyoingiwa na hewa ya bahari. Brashi, grisi kidogo, tukarudisha. Iliondoka pale bila mngurumo, na nilibaki nimesimama na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu siku nilipofunga injini yangu ya kwanza ikawaka. Fundi anayesoma haya asikie pia tahadhari: betri nyingi za pikipiki hizi ni volti 72, na hizo si za kuchezea kwa mkono uliolowa kama ile ya volti 12 ya Boxer.

Mengine yalibadilika bila kishindo. Mji wa Kale, ambako vichochoro ni vyembamba na watoto hucheza mlangoni, kina mama walilalamika kwamba pikipiki zinawatokea mgongoni bila kusikika. Waendeshaji wakajifunza kupiga honi kila kona. Mwendeshaji mmoja ambaye miaka yote alikuwa akikohoa asubuhi aliniambia sasa anamaliza siku bila kichwa kuuma. Kwangu mimi kazi ya oili ilipungua sana, ya plagi ikapungua, zikabaki breki, tairi, beringi na soketi za nyaya. Tuktuk za umeme kwetu bado ni chache, na wengi wa wenye Piaggio wanasubiri kuona.

Pamoja na wema wote huo kuna jambo linaloniuma, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Boxer ukimaliza kuilipa ni yako na mafuta yake ni yako. Ukiitwa kwenye mazishi Kaloleni unakwenda, na tangi likikauka njiani kuna mtu anauza petroli kwenye chupa ya soda. Pikipiki nyingi za umeme huuzwa bila betri. Unanunua chombo, lakini betri ni ya kampuni, na kwa betri hiyo wewe ni mpangaji maisha yako yote. Betri ya kampuni moja haiingii kwenye pikipiki ya nyingine. Pasipo na kituo cha kampuni yako, pikipiki yako haifiki. Nimemwona kijana amezimiwa chombo kutoka ofisini kwa malipo yaliyochelewa, yuko juu ya daraja la Nyali usiku na abiria mjamzito nyuma yake. Tulimtafutia tuktuk yule mama. Deni lazima lilipwe, sipingi, lakini hakuna deni linalostahili kudaiwa kwa namna ile.

Na kwa sisi mafundi, kontrola nyingi zimefungwa kwa programu ambayo ni watu wa kampuni tu wanaoweza kuifungua. Vijana wangu wawili wanaweza kusoma mita leo vizuri kuliko mimi, ila wakifika kwenye programu hiyo wanaishia hapo, na mteja anaambiwa aisukume mpaka karakana ya kampuni. Nasi tuliokwishaona oili chafu ikimwagwa kila pahali, tunauliza mapema betri hizi zikifa zitapelekwa wapi.

Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya kubeba abiria haisajiliwi isipokuwa ni ya umeme. Naamini siku moja amri ya namna hiyo itafika Mombasa, na mimi nitaiunga mkono. Lakini kabla haijafika, shirika la viwango KEBS liwashurutishe wenye kampuni wakubaliane juu ya betri moja inayoingia kwenye pikipiki zote, na mafundi wa mtaani wapewe mafunzo na ruhusa ya kutengeneza. Kuzima chombo kikiwa barabarani kipigwe marufuku kwa sheria.

Nawe unayepanga kuacha petroli mwaka huu, usiogope, umeme unafanya kazi na unaacha pesa mfukoni. Ila kabla ya kutia sahihi muulize anayekuuzia: betri ni ya nani, vituo viko wapi, na nikimaliza kulipa nitabaki na nini mkononi. Akishindwa kukujibu kwa maandishi, rudi nyumbani, utafute mwingine.