Tela Libaki Mlali

Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru. Milima hii ni mirefu. Kilele cha Kimhandu kina zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Mito mingi inayoingia katika mto Ruvu huanzia huko, na watu wengi wa Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu.

Wakati wa sikukuu familia nyingi hupanda milimani kuwaona ndugu. Waluguru hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mkubwa. Watoto hupelekwa kumwamkia. Mwenye trekta hufunga tela, hupakia mchele na mahindi ya kupeleka, kisha mama na watoto hukaa juu ya magunia. Hapo ndipo hatari huanza.

Ndugu msomaji, tufuate njia ya Mgeta. Tuone tela lifungwe namna gani, na liishie wapi.

KABLA YA KUONDOKA

Funga tela chini, kwenye chuma cha kuvutia cha trekta. Usilifunge juu. Likifungwa juu, trekta likipanda mlima huweza kuinua pua na kupinduka kinyumenyume. Tia pini nzima, isiyolika. Pini nayo ifungwe isiruke. Ongeza mnyororo imara, ili pini ikikatika tela lisikimbie peke yake.

Tazama matairi ya tela. Yawe na upepo wa kutosha, na upepo uwe sawa pande zote mbili.

Panga mzigo vizuri. Kama tela lina ekseli moja, mzigo uzidi kidogo upande wa mbele. Mzigo ukizidi nyuma, tela huinua mkia wa trekta. Matairi makubwa ya nyuma hayakanyagi chini sawasawa, na breki hazishiki. Lakini mzigo usizidi mno mbele, maana pua ya trekta itakuwa nyepesi na usukani hautatii. Vitu vizito viwe chini. Funga kamba.

Watu wasipande juu ya tela, wala wasikae kwenye bati la tairi la trekta. Tela ni la mizigo. Likiyumba, mtoto hana pa kushika. Familia isafiri kwa gari la abiria.

NJIA YA TAMBARARE

Kutoka Msamvu tunashika barabara ya Iringa. Milima iko kushoto kwetu. Hii ni barabara kuu iendayo mpaka Zambia. Malori makubwa hupita kwa kasi, mchana na usiku. Trekta lenye tela huenda polepole. Kwa hiyo safiri mchana. Nyuma ya tela weka vibao vyekundu vinavyong'aa vikipigwa na taa. Mwendo wako usizidi kilomita 20 kwa saa. Magari yakijipanga nyuma yako, tafuta mahali pazuri, kaa pembeni, yapishe.

Karibu na Mzumbe, pale Sangasanga, tunakata kushoto. Tunafika Mlali. Hapa ardhi bado ni tambarare. Trekta na tela hufanya kazi nzuri. Lakini mbele yetu barabara inaanza kupanda, na kona ni nyingi.

KWA NINI TELA LIBAKI HAPA

Tufanye hesabu. Magunia 30 ya kilo 100 ni tani 3. Hapo bado hatujahesabu uzito wa tela lenyewe. Matrekta mengi ya wakulima wetu yana uzito wa tani 2 hadi 3. Basi kinachovutwa ni kizito kuliko kinachovuta.

Katika tambarare trekta huvuta tela. Katika mteremko mambo hugeuka: tela husukuma trekta. Matela mengi hayana breki zake. Dereva akikanyaga breki kwenye kona, trekta hupunguza mwendo, lakini tela halitaki kusimama. Husukuma mkia wa trekta upande, na vyote viwili huvingirika bondeni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: tela libaki Mlali. Mizigo ya mlimani ipande kwa lori lenye breki nzima na dereva anayeijua njia.

Kama kijiji chako kina mteremko mfupi usioweza kuukwepa, shika haya:

1. Punguza mzigo. Afadhali safari mbili.
2. Unganisha pedeli mbili za breki, zikanyagwe pamoja.
3. Ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Usibadili gia katikati.
4. Usikanyage klachi wakati wa kushuka. Ukiikanyaga, injini haizuii tena, na trekta linakimbia.
5. Barabara ikilowa, usishuke. Ngoja ikauke.
6. Ukisimama, weka mawe makubwa chini ya matairi ya tela.

MGETA

Familia iliyopanda gari la abiria hufika Mgeta salama. Kuna baridi, basi watoto wachukue masweta. Huku trekta halilimi. Watu hulima kwa jembe kwenye matuta ya ngazi, yanayozuia udongo usichukuliwe na maji. Hupanda kabichi, viazi mviringo, karoti na njegere. Soko la Nyandira hujaa mboga na matunda ya nchi za baridi. Wengi huleta mizigo kichwani kutoka mabondeni, kisha malori huichukua mpaka mjini.

Mjomba atawapa kabichi na viazi vya kurudi navyo. Vipakieni kwenye lori mpaka Mlali. Tela linawangoja pale pale. Mchele uliochelewa siku moja bado ni mchele. Mtoto aliyeanguka bondeni hatumpati tena.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Katika kijiji chenu, tela liishie wapi?
2. Kwa nini mzigo usizidi nyuma?
3. Nani atamwambia dereva akatae abiria juu ya tela?