Mzoga Ndio Uliotoka Gazetini

Juzi nilikuwa napanga picha zangu za zamani, nikakutana na zile za jangwa la Chalbi za mwaka 2022. Nikaona aibu upya.

Sisi wa Nairobi tukisikia Marsabit tunafikiria mchanga tu. Kumbe mjini kwenyewe ni mlimani, kuna msitu, na asubuhi ukungu unakulazimisha kuvaa koti. Joto linaanza ukiteremka kuelekea Maikona. Kwanza mawe meusi ya volkano, halafu uwanda mweupe wa chumvi, bapa mpaka macho yanachoka. Zamani za kale hapo palikuwa ziwa. Siku hizi mchana unaona maji kwa mbali, kumbe ni mazigazi.

Mvua ilikuwa imekosekana msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa 2020. Mhariri aliniambia, "Niletee mizoga."

Kisimani nikawakuta Wagabra wakinywesha ngamia. Vijana wamesimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwenzake, wanapokezana ndoo huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Ngamia mwenye kiu anaweza kunywa lita 100 kwa mara moja. Hebu piga hesabu ya ndoo!

Nikatoa kamera, nikauliza mizoga iko wapi. Mzee mmoja akanitazama.

"Waliokufa hawakimbii, mwanangu. Shika ndoo kwanza, hawa walio hai wana kiu."

Nikashika. Nilichoka kabla ya watoto.

Baadaye mzee akaniambia mbuzi wake wote wamekwisha. Na ngamia wanaomnywesha maziwa? Wa kuazimwa. Kwa Wagabra, mwenye ngamia humwazima mwenzake jike. Maziwa ni ya anayetunza, ngamia anabaki wa mwenyewe. Mali ikisambazwa kwa wengi, ukame haummalizi mtu mmoja. Nikajiuliza: mimi, na digrii yangu, mshahara ukichelewa nitamwendea nani?

Niliyaandika hayo yote. Picha ya mzoga niliipiga pia. Kilichotoka gazetini ni mzoga, na jina langu chini yake. Kisima kilikatwa, na wale ngamia wa kuazimwa vilevile. Sikubishana, nilikuwa na miezi minne tu kazini.

Leo nimekiandika hapa kile kilichokatwa. Mzee, niwie radhi kwa kuchelewa.