Kitenzi Huja Mwisho: Juu ya Amri za Kufyatua Bunduki

Mwishoni mwa mwezi wa Mei mwaka jana nilikwenda Karatu kwa mwito wa dada yangu. Mwanawe wa mwisho alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha sita na alikuwa akisubiri kwenda Jeshi la Kujenga Taifa. Msomaji atakumbuka kwamba utaratibu wa vijana kulitumikia jeshi hilo kwa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Mimi ni wa kundi la kabla ya kusimamishwa. Nilikwenda mwaka 1990, kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kwa sababu hiyo dada aliona kwamba ni mimi niliyefaa kuzungumza na kijana, kumweleza maisha ya kambini yalivyo, na pengine kumwondolea yeye mwenyewe hofu aliyokuwa nayo.

Nilimkuta mpwa wangu ameketi mbele ya kompyuta, akiwaamuru askari wengi waliovaa makoti mekundu. Mchezo wenyewe unaitwa Empire: Total War, ulitolewa mwaka 2009, na unahusu vita vya karne ya kumi na nane, zama za magumegume na singe. Nilidhani ni kelele tupu za vijana. Baada ya nusu saa nilikuwa nimevuta kiti.

Jambo lililonivuta ni hili. Mwanzoni mwa mchezo, kikosi kikijipanga katika safu tatu, ni safu ya mbele tu inayofyatua. Walio nyuma wanasimama na bunduki zao kama wasindikizaji wa harusi. Mchezaji hana budi kugharamia utafiti katika vyuo vyake hadi askari wake wajifunze namna bora zaidi. Namna moja ni kufyatua safu kwa safu: ya kwanza inafyatua, inafuata ya pili, kisha ya tatu, na wakati huo ya kwanza inashindilia baruti upya. Namna nyingine ni kufyatua platuni kwa platuni: mstari mzima hugawanywa mafungu, na moto hupita kutoka fungu hadi fungu, hivyo kwamba wakati wowote kuna bunduki ambazo zimekwisha kushindiliwa. Mpwa wangu alikuwa muumini wa namna hii ya pili. Alipanga majeshi mawili yaliyolingana, moja likitumia namna hii na jingine ile, akaniomba nitazame.

"Mjomba," aliniuliza, "hivi haya mambo kwa Kiswahili yanaitwaje?"

Swali hilo ni chambo ambacho mwanaisimu hawezi kukipita. Nilimpa "ufyatuaji wa safu kwa safu" na "ufyatuaji wa platuni kwa platuni", naye akaridhika nayo. Kwa zana zenyewe hatukuwa na haja ya kubuni lolote, maana lugha yetu imeishi na bunduki hizo kwa karne kadhaa. Gumegume ni bunduki ya jiwe la kiberiti, gobori ni ile ya kushindiliwa kwa mdomo, na mdeki ni ufito wa kushindilia. Mpwa wangu, aliyezaliwa na kukulia katika Kiswahili, hakuwa amepata kulisikia neno mdeki. Alilirudia mara tatu, kama mtu anayeonja embe.

Nilimweleza chanzo cha hayo anayoyachezea. Tarehe 8 Desemba 1594 Willem Lodewijk wa Nassau alimwandikia barua binamu yake Maurits, ambaye alikuwa akiongoza majeshi ya Uholanzi, akapendekeza kwamba wapiga bunduki wafyatue safu baada ya safu, kila safu ikishafyatua irudi nyuma kujaza. Wazo hilo alilitoa katika kitabu cha kale kilichoeleza mazoezi ya majeshi ya Kiyunani na Kirumi. Ugumu ulikuwa wa hesabu tu: askari hodari wa karne ya kumi na nane aliweza kufyatua mara mbili au tatu kwa dakika, na hakutegemea kulenga shabaha kwa uhakika iliyozidi kama mita mia moja. Katika nafasi kati ya risasi na risasi, adui huweza kukimbia mbali sana. Mwaka 1607 Jacob de Gheyn alitoa kitabu cha picha kinachoonyesha, hatua kwa hatua, jinsi ya kushika na kujaza silaha, na kila hatua ikapewa amri yake. Kwa hiyo kazi moja ya mikono ilikatwa vipande vipande, na kila kipande kikafungiwa neno. Kwangu mimi hapo historia ya vita inaingia katika taaluma yangu.

Hebu tuzitazame amri za gwaride letu: *nyuma geuka, kulia geuka, mbele tembea*. Hakuna Mswahili anayezungumza hivyo nyumbani. Mama humwambia mtoto "geuka nyuma", kitenzi kwanza na kielezi baadaye, kama sarufi inavyotaka. Gwaride limeupindua mpangilio huo kwa makusudi. Amri ya kijeshi ina sehemu mbili: ya kutayarisha na ya kutekeleza. Neno "nyuma" linamwarifu askari atafanya nini. Analipokea, analiweka akilini, wala hasogei. Neno "geuka" linamwarifu ni sasa. Kama kitenzi kingetangulia, wenye haraka wangekwisha kugeuka kabla ya kujua wanageukia wapi, na mstari ungevurugika. Kitenzi kinawekwa mwisho kwa sababu kitenzi ndicho kinachofyatua.

Hapa sina budi kuungama kosa la kitaaluma. Babu yetu mzaa baba alikuwa askari wa King's African Rifles na alikwenda Burma. Alikuwamo miongoni mwa waliolishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Vita vyenyewe hakuvisimulia. Lakini pale nyumbani, juu ya vilima vya Karatu, alikuwa akituamuru: "Mlango funga!" "Ng'ombe toa!" Nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha nikadai kwamba huo ni uathiriano wa lugha: Kiiraqw huelekea kuweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, na babu, kama Mwiraqw, alikuwa akifikiri kwa lugha ya mama. Nilipata alama nzuri. Leo siamini insha ile. Majirani zake wa rika lake ambao hawakwenda jeshini walisema "funga mlango" kama watu wengine, ingawa Kiiraqw chao kilikuwa kilekile. Babu alikuwa akitupigisha kwata, nasi hatukujua.

Turudi kwenye mchezo. Katika jaribio la mpwa wangu platuni zilishinda, kisha zikashinda tena, na mara ya tatu zikashindwa vibaya. Sababu ilikuwa ukuta mdogo wa mawe. Askari wachache waliukuta mbele yao, wakawa wanahangaika kutafuta mahali pao, na wenzao wakawasubiri huku bunduki zimejaa. Wapanda farasi wakatokea ubavuni. Nilimwambia kwamba hilo halikuwa kosa la mchezo. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo karibu na Iringa, msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski ulikuwa na bunduki bora za wakati ule pamoja na mizinga. Wahehe wa Mkwawa waliungojea vichakani, wakautokea kwa mikuki ukiwa umejinyoosha njiani. Askari wengi hawakupata nafasi ya kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili. Zelewski aliuawa hapo pamoja na sehemu kubwa ya watu wake, na bunduki zake zikawa za Mkwawa. Mbinu zote za safu na platuni zina sharti moja, nalo ni kwamba adui akupe muda wa kusikia amri hadi mwisho. Lugalo muda huo haukutolewa.

Kesho yake tulipanda hadi ukingo wa bonde la Ngorongoro. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umefunika kila kitu. Kreta ile yenye kina cha mita zipatazo 600 ilikuwa kama bakuli la maziwa. Tulisimama pale tukisubiri, na kwa kuwa hapakuwa na la kutazama, nilimwambia jambo ambalo nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Mwaka ule wa 1990, katika kambi moja ambayo sitaitaja, tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha. Tulikuwa tumelala kifudifudi, bunduki zimejazwa. Mkufunzi wetu alikuwa mtu mwema, lakini siku hiyo alikuwa amechoka. Tangu alfajiri alikuwa amekwisha kusimamia makundi mengi. Alitaka kutuambia tufyatue baada ya filimbi. Alisema kama ambavyo mtu yeyote angesema nyumbani: "Fyatueni baada ya filimbi." Mimi nililisikia neno la kwanza. Mpaka "filimbi" inatoka kinywani mwake, kidole changu kilikuwa kimekwisha kuvuta traiga.

Kuruta mwenzetu mmoja alikuwa bado mbele, akibandika karatasi ya shabaha. Risasi ilipita kando yake ikazama katika tuta la udongo. Yeye aliinama, akageuka, akatutazama mmoja mmoja. Mkufunzi aliuliza ni nani. Nilisimama. Nilipewa adhabu ambayo sikuiona kubwa wakati ule wala siioni kubwa leo. Usiku mwenzetu yule alinijia, akaniomba sabuni, nikampa. Hatukulizungumza.

Sisemi kwamba kosa lilikuwa la sintaksia. Kidole kilikuwa changu, na wenzangu walisikia maneno yaleyale wakatulia. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi mpangilio wa maneno katika sentensi ya Kiswahili, na kila nifikapo kwenye kitenzi cha amri sauti yangu hubadilika kidogo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama nimepata mafua.

Mpwa wangu alinyamaza kwa muda. Ukungu ulianza kupasuka, na ziwa la magadi likaonekana chini, jeupe, kisha msitu wa Lerai.

"Kwenye mchezo," alisema hatimaye, "ukiwaamuru kikosi wasimamishe moto, wanasimamisha papo hapo. Wote."

"Najua," nilimjibu. "Niliona."

Aliniomba nimfundishe amri. Tulisimama pembeni mwa magari ya watalii, mimi na shati langu la mikono mirefu, nikamwita kwa sauti ya babu: mguu sawa, kulia geuka, mbele tembea. Mara mbili za kwanza aliondoka kabla ya kitenzi. Mara ya tatu nilisema "nyuma", nikakaa kimya kwa makusudi, nikahesabu moyoni hadi kumi. Hakusogea. Dereva mmoja wa watalii alipiga makofi.

Tuliporudi dada alikuwa ameandaa chai. Aliniuliza kama nimezungumza na kijana, nikamjibu kwamba tumezungumza.

"Mmezungumza nini?"

"Sarufi."

"Sarufi!" alisema, akatikisa kichwa, akatumiminia chai. Hilo la uwanja wa shabaha sikumwambia. Yeye husoma kila ninachokichapisha, hata yasiyomhusu, na atalisoma hapa.